Hodi kwenye Kiwanja Kitupu

Kazi ya mthamini, kwa asiyeijua, ni kwenda kuitazama nyumba au kiwanja cha mtu, kupima, kisha kuandika kwenye karatasi kwamba mali hii ina thamani kadhaa. Bila karatasi hiyo benki haitoi mkopo. Mimi sikuwa mthamini. Nilikuwa karani wa kuchapa ripoti zao, miaka kumi na saba, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro. Kama kuna nililojifunza kwa kuchapa maneno ya wengine, ni kwamba mtu utamjua kwa sentensi zake kabla hujamjua kwa sura.

Sentensi za Mama Futi zilichosha vidole. Wenzake waliandika, "Nyumba ya vyumba vitatu, hali nzuri," wakaenda kula. Yeye aliandika urefu na upana wa kila chumba, mlango wa jikoni unaogoma kufunga wakati wa mvua, ufa wa ukutani unaoingiza sarafu lakini hauingizi kidole, na tangi la maji lililopoteza mfuniko. Siku moja nilimwambia, "Dada, hii si ripoti, hii ni barua ya posa. Unaithamini nyumba au unataka kuolewa nayo?"

Hakuinua macho. "Chapa, mdogo wangu. Vidole ni vyako, jina la chini ni langu."

Jina la Mama Futi lilitokana na futi yake, kamba ya kupimia ya mita thelathini, iliyokaa ndani ya kikasha cha ngozi, naye aliitundika begani kama wenzake wanavyotundika mikoba. Hakupima peke yake hata siku moja. Alimpa mwenye nyumba ncha ya futi, akamwambia, "Shika mwanzo," kisha yeye akarudi nyuma akiisoma. Alisema mtu aliyeshika mwanzo hawezi kuja kulalamika baadaye kwamba amepunjwa ukuta.

Na alikuwa na tabia nyingine, iliyotuchekesha zaidi. Kila mahali alipofika alipiga hodi mara tatu, hata kama mahali penyewe ni pori la nyasi lisilo na mlango wala mtu. Anashuka garini, anasimama kwenye mpaka, anaita, "Hodi! Hodi! Hodi hapa!" Anasubiri. Ndipo anaingia. Dereva wetu, bingwa wa kuigiza watu, alituletea igizo hilo ofisini mara kwa mara: Mama Futi akiwabishia hodi mijusi, na mijusi wakimjibu karibu, pita ndani, samahani hatujafagia.

Hizo zilikuwa enzi za neema. Jiji lilikuwa linajengwa kama lina ugomvi na anga. Kila barabara ilikuwa na winchi zake, kila mwenye kiwanja alikuwa na mchoro wa ghorofa chini ya kwapa, na benki zilikopesha kwa moyo mweupe kiasi kwamba ungedhani pesa zina haraka ya kutoka nje kuota jua. Sisi tulikuwa watu kumi na tisa na magari manne. Mkurugenzi alibandika ukutani jedwali lenye majina ya wathamini, na kila Ijumaa alijaza idadi ya ripoti. Walioongoza walikuwa na mbinu yao: walithamini wakiwa ndani ya gari. Dereva anapunguza mwendo, mthamini anatazama dirishani, anaandika, wanasonga. Ripoti nane kwa siku. Mama Futi alikuwa na mbili, siku njema tatu, na jina lake lilikaa mkiani juma baada ya juma.

Mwenda pole hajikwai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi kwa Mkurugenzi. Mwezi mmoja alimwita, akamwambia kwa upole wote kwamba ofisi haiwezi kumbeba mtu.

Wiki iliyofuata Mama Futi alipewa viwanja sita kwa siku moja. Vinne alishuka, akapiga hodi, akapima. Cha tano kilikuwa kando ya barabara kuu, kipana, kimezungushiwa mabati mapya yanayong'aa, geti limefungwa kwa mnyororo. Mvua ilikuwa inanyesha. Gari lilisimama mbele ya geti, injini inanguruma, naye akakaa kama dakika mbili akiyatazama yale mabati. Kisha akaandika, akamwambia Dereva twende.

Haya nayajua kwa sababu jioni ile Dereva alipanda ngazi mbili mbili akipiga kelele, "Jamani! Leo Mama Futi hakushuka!" Ofisi nzima ilishangilia. Mtu mmoja aliagiza soda, tukamgongea chupa. Hatukuwa na nia mbaya. Tulikuwa tunamkaribisha miongoni mwa watu wa kawaida. Yeye alitabasamu kidogo, akaiacha soda yake nusu. Ripoti ya kiwanja hicho niliichapa mimi, na ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kunipa: "Kiwanja kitupu. Hakina jengo wala mkaaji." Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa kuwa nilimaliza kabla ya saa kumi na moja.

Benki ikatoa mkopo. Mjenzi aliyeukopa akaleta kokoto lori tatu.

Halafu uchumi ukaanguka. Sitajifanya naelewa ulivyoanguka. Waliosomea wenyewe walikuwa wakipingana redioni kila asubuhi. Nilichokiona ni winchi kusimama. Moja ilisimama mkono wake ukielekea dirisha letu, ikabaki hivyo miaka, tukawa tunaitumia kuelekeza wageni. Wapangaji wakahama maduka, wenye maduka wakashindwa mikopo, benki zikajikuta zimekalia hati za viwanja na majengo ambayo hakuna anayeyataka hata kwa nusu ya bei iliyoandikwa. Mjenzi wa kile kiwanja cha mabati alitoweka, na zile kokoto zikaota majani.

Ofisini tulipungua kumi na tisa hadi watano. Na hapo ndipo dunia ilipogeuka upande wa Mama Futi. Benki sasa zilitaka kujua ukweli: mali hizi zina thamani gani hasa, na ripoti ipi inaweza kusimama mahakamani bila kutetemeka? Wale mabwana wa ripoti nane kwa siku walikuwa wamezima simu. Ripoti za Mama Futi, zenye mlango unaogoma na ufa wa sarafu, zilisimama. Kesi baada ya kesi, hakimu alisoma, akauliza, akaridhika. Mkurugenzi aling'oa jedwali ukutani, na popote alipokwenda kutafuta kazi alisema, "Sisi ndio tuliokuwa na yule mama." Miaka ile ya njaa, sote watano tulikula jina lake, mimi nikiwemo, na wanangu walisoma kwalo.

Miaka sita ikapita tangu ripoti ile ya kiwanja cha mabati. Jiji likaanza kupumua. Halmashauri ikatoa mpango mpya wa matumizi ya ardhi: kando ya barabara kuu, palipokuwa na ruhusa ya ghorofa nne, sasa ruksa kumi na mbili, chini maduka, juu makazi. Viwanja vilivyokuwa vinadharauliwa vikawa lulu usiku mmoja. Benki ikapata mnunuzi wa kile kiwanja cha mabati, na kwa kuwa ripoti ya zamani ilikuwa yetu, ikatuita tufanye mpya. Mkurugenzi akampa Mama Futi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na leseni yake ilikuwa haina doa.

Aliondoka asubuhi na Dereva. Kwa kawaida kiwanja kitupu cha ukubwa ule kingemchukua saa mbili. Alirudi jua limeshazama, viatu vimejaa tope, akanipita bila salamu, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Nilimuuliza Dereva kulikoni. Dereva, mtu asiyeweza kunyamaza hata kanisani, alisema, "Kule nyuma kuna nyumba."

Kulikuwa na nyumba. Vyumba viwili na banda la kazi, kwenye kona ya nyuma ya kiwanja, isiyoonekana barabarani kwa sababu ya mabati. Ndani yake waliishi mzee mmoja fundi wa kusuka viti, na mkewe. Mwenye kiwanja wa zamani aliwaruhusu kujenga hapo kwa barua, miaka mingi nyuma. Alipofariki, warithi walimuuzia mjenzi kiwanja chote, na wale wazee wakaambiwa wasiwe na wasiwasi, watalipwa nyumba yao. Mjenzi akazungusha mabati, wao wakatoboa kinjia upande wa mtaroni, na maisha yakaendelea.

Mama Futi aliipima nyumba ile yote. Kwenye fremu ya mlango alikwangua rangi kwa wembe, taratibu, akahesabu matabaka: kijani, maziwa, bluu, maziwa tena, hudhurungi, kijani tena, na nyeupe ya juu. Rangi saba. Mke wa fundi alimsimulia kila rangi na mwaka wake. Nyumba ya rangi saba haijajengwa jana, na hilo mthamini yeyote anajua.

Na hapa lazima nieleze jambo moja la sheria, maana ndilo lililobeba kila kitu. Kama nyumba ilikuwepo kabla ya mkopo, wale wazee walikuwa wakaaji halali, na hakuna tofali litakaloinuliwa mpaka walipwe. Kama ilijengwa baadaye, walikuwa wavamizi, na wavamizi hupewa siku kumi na nne na hawapewi senti. Kwenye faili kulikuwa na ushahidi mmoja tu kuhusu hali ya kiwanja siku ile ya mkopo. Ulikuwa na saini ya Mama Futi, na ulisema kiwanja kitupu. Ile barua ya mwenye kiwanja wa zamani ilikuwa imeliwa na mchwa, imebaki pembe mbili na nusu ya muhuri.

Kesho yake Mkurugenzi alifunga mlango, lakini ukuta wetu ulikuwa wa mbao laini na mimi sina nta masikioni.

"Sentensi moja, dada yangu," alisema. "'Jengo limejengwa baada ya ukaguzi wa awali.' Basi. Nani atabisha?"

"Rangi zitabisha."

"Rangi haziendi mahakamani. Wewe unaenda. Ukiandika kwamba ulikosea, bodi itakunyang'anya leseni, benki itatuacha, na hawa wanne hapo nje nitawaambia nini?" Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameuza gari lake mwenyewe ili atulipe mishahara miwili, na sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Mimi nitawatafutia wale wazee kitu kidogo, mkono kwa mkono. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Kombe nimelifunika miaka sita, Mkurugenzi. Chini yake wamo watu wawili."

"Basi andika geti lilikuwa limefungwa. Andika mvua ilikuwa kubwa. Ni kweli, au si kweli?"

"Ni kweli."

"Sasa?"

"Mvua haikunikataza kuita."

Alitoka, akaja mezani kwangu na karatasi zake za mkono, kurasa kumi na moja. Niseme wazi: nilimkasirikia. Nilikuwa na mtoto kidato cha tatu na mwingine anayekohoa, na moyoni nilimuuliza wale wazee ni nani hasa, ndugu zake? Nilichapa vyumba, mita, banda, rangi saba na miaka yake. Nilipofika ukurasa wa mwisho nikakuta haya: "Ripoti yangu ya awali kuhusu kiwanja hiki si sahihi. Nyumba ilikuwepo. Siku ile sikushuka garini wala sikupiga hodi."

"Dada," nilisema, "'si sahihi' inatosha. Haya mengine ya nini? Hodi inaingiaje kwenye ripoti ya benki?"

"Chapa."

"Watakucheka."

"Mlishanicheka. Chapa, mdogo wangu."

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, akaniambia niruke mistari hiyo, ripoti itengenezwe upya. Ningependa kusema nilikuwa shujaa. Ukweli ni kwamba nilimtazama yeye, nikamtazama Mama Futi aliyekuwa amevuta kiti na kukaa mbele yangu, na nikamwogopa Mama Futi zaidi. Nilichapa. Karatasi ilipotoka kwenye mashine alisaini hapo hapo, akaiweka kwenye bahasha, akaipeleka benki mwenyewe kwa miguu.

Yaliyofuata yalikwenda kama Mkurugenzi alivyosema. Benki ikatafuta wathamini wengine. Bodi ikamwita Mama Futi, ikamsikiliza dakika ishirini, ikasimamisha leseni yake miaka mitatu, na kwa umri wake miaka mitatu ilikuwa ndiyo kwaheri. Siku aliyokuja kuchukua vitu vyake hatukumnunulia soda. Alikunja khanga aliyokuwa akiitandika kitini, akachukua futi, akatuaga mmoja mmoja, na mimi niliitikia kwa kuchezesha midomo tu, kitu ninachokijutia mpaka leo. Baada ya miezi michache ofisi ilifungwa. Dereva akapata kazi ya teksi. Mimi nilichukuliwa na wanunuzi wa kile kiwanja, kuwachapia mikataba. Ng'ombe wa maskini hazai, lakini siku moja moja hujisahau.

Wanunuzi walinung'unika, wakasubiri, mwishowe wakalipa. Thamani iliyolipwa ni ile iliyoandikwa na Mama Futi, kila ukuta na kila mita, na banda na mlango. Haikuwa pesa ya kutajirisha mtu. Ilitosha kiwanja kidogo nje ya jiji na vyumba viwili vingine.

Hati ya mwisho ya malipo ilihitaji saini za wale wazee, nikatumwa mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika mahali nilipopachapa mara mbili. Nilisimama mbele ya lile geti la mabati, sasa lina kutu, na sijui ni nini kilichoniingia, nikaita, "Hodi!"

"Karibu!" Jibu lilitoka mbali, nyuma kabisa, lakini nililisikia vizuri. "Zunguka mtaroni, mwanangu, geti halifunguki!"

Fundi alikuwa juu ya gari la mizigo anafunga viti vyake kwa kamba. Mkewe alisaini kwanza, kwa mwandiko wa polepole, akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Akaniuliza kama namjua yule mama mwenye futi.

"Namjua. Tulifanya kazi pamoja."

"Nisalimie. Hajaja tena. Mwambie simlaumu." Alinirudishia kalamu. "Siku ile anapima, mimi sikujua kama ndiye yeye. Sisi tulikuwa tumeambiwa mtu wa ofisi atakuja kutuandika. Tukangoja. Siku moja ya mvua nikasikia gari limesimama getini. Nikamwambia mzee, huyo mgeni wetu amefika, vaa shati. Nikabandika chai. Tukakaa tunasikiliza hodi. Gari linanguruma tu, linanguruma, kisha tukasikia limeondoka."

"Ukamsimulia yeye hayo?"

"Nilimsimulia. Nilikuwa nimemshikia ile kamba yake, nimesimama hapo mlangoni, nikawa napiga soga tu. Kisha akaniuliza, 'Mama, na chai ilikuwaje?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia tulikunywa wenyewe. Ningeimwaga?" Akacheka, akainuka, akaichukua ndoo aliyokuwa amekalia akampa mzee juu ya gari. "Basi akarudi nyuma, akaanza kupima ukuta upya, ule ule aliokwisha kuupima."